Aliyepotea ni Mgeni

Saa nane usiku, sebule ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi hubaki na taa moja na televisheni iliyopunguzwa sauti. Wote wamelala, isipokuwa bibi mmoja ambaye enzi za kazi yake alikuwa akipanga ratiba za mabasi ya mjini. Hadi leo hapandi kitandani mpaka ahakikishiwe kwamba basi la mwisho limerudi gereji. Usiku ule nilimwambia bado, theluji imelichelewesha. Akaguna. Visingizio vya madereva anavijua vyote. Akavuta kiti, akakaa kulingoja.

Kwenye televisheni ilikuwa filamu ya zamani. Mzee mmoja amefunga safari kwenda kumwona mwanamke aliyempenda ujanani, akamkuta katika nyumba ya wazee kama hii yetu. Mwanamke anamkumbuka nusunusu. Wanaishia kucheza dansi, polepole, katika ukumbi wa mapumziko uliotulia.

Nilimtazama bibi kwa pembeni. Sikujua kipande kile kingemgusa wapi, na rimoti nilikuwa nimeshaishika.

Akaniwahi.

"Mwanangu, mpeni kiti yule baba. Amepotea."

"Yupi?" nikauliza, maana kwa macho yangu mgonjwa pale alikuwa mmoja tu.

Akanyoosha kidole. Hakumwonyesha mwanamke. Alimwonyesha mgeni.

## Nilipolitafuta jina

Filamu yenyewe ni *Harry and Tonto* ya mwaka 1974, iliyoongozwa na Paul Mazursky. Harry ni mwalimu mstaafu wa New York, Tonto ni paka wake, na wawili hao wanaikata Marekani toka mashariki hadi magharibi baada ya jengo walilokuwa wakiishi kubomolewa. Art Carney, aliyemwigiza Harry, alikuwa na miaka 55 tu. Akauvaa uzee wa mtu aliyepita 70, na akaondoka na Oscar ya mwigizaji bora wa kiume huku Jack Nicholson na Al Pacino wakibaki mikono mitupu. Lakini mimi sikuwa na shida na Harry. Nilimtaka yule mwanamke, Jessie.

Aliyemwigiza ni Geraldine Fitzgerald, Mwairishi, mzaliwa wa Novemba 1913. Nikasoma tanzia yake nikiwa kwenye basi la asubuhi, bado na sare ya kazi. Alifariki New York tarehe 17 Julai 2005, akiwa na miaka 91, baada ya kuishi na ugonjwa wa Alzheimer kwa muda mrefu.

Nikarudi juu, nikasoma tena.

Yaani miaka 31 kabla ya kifo chake, mwanamke huyu alikaa mbele ya kamera akaigiza, kwa dakika chache, kusahau kwa namna ileile kulikokuja kumchukua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiligeuza jambo hili kichwani, usiku nikiwa kazini na mchana nikiwa najilazimisha kulala. Halikai sawa upande wowote.

## Matofali ya utabiri

Mtandaoni wangejua pa kulipeleka. Picha mbili zikae ubavu kwa ubavu, muziki wa huzuni chini, na maandishi: aliigiza mwisho wake bila kujua. Ladha ya kitu hicho naielewa. Na anayetaka kuujenga utabiri huo, matofali yapo tele.

Mwaka 1939 Fitzgerald alicheza katika *Dark Victory* pamoja na Bette Davis. Davis ni Judith, msichana tajiri mwenye uvimbe kwenye ubongo, ambaye ameambiwa kwamba macho yatazima na mauti yatafuata muda mfupi baadaye. Fitzgerald ni Ann, rafiki yake. Karibu na mwisho wako bustanini wakipanda maua, na Judith anasema mawingu yametanda, wakati jua analihisi mikononi mwake. Ann anaelewa kabla hajaambiwa. Tazama uso wa Fitzgerald hapo. Davis ndiye anayekufa, lakini aliyebeba habari ni yule mwingine.

Kisha mwaka 1971, jukwaani New York, akawa Mary Tyrone katika *Long Day's Journey into Night* ya Eugene O'Neill, na Robert Ryan akiwa mumewe. Mary ni mama aliyetekwa na mofini. Saa zinavyokwenda ndivyo anavyorudi nyuma, hadi usiku anafika ujanani mwake kabisa, na mume na wana wamekaa palepale wakimtazama akiwaacha.

Miaka mitatu baadaye, Jessie.

Rafiki anayeshuhudia, mama anayerudi nyuma, bibi asiyekumbuka vizuri. Nilipovipanga hivyo nikaogopa jinsi vilivyokaa sawasawa. Hapo ndipo nilipoanza kuutilia shaka ujenzi wenyewe.

Kwani huyu mama alifanya kazi kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1944 alikuwa mke wa Rais Woodrow Wilson katika filamu *Wilson*, na hakuna anayedai kwamba hiyo ilimtabiria Ikulu. Mwigizaji wa miaka mingi huvishwa ndoa, misiba, utajiri, wazimu na uzee wa kila aina. Ukishajua alivyokufa unachagua majukumu matatu, unayafunga uzi mmoja, mengine yote unayaacha sakafuni.

Ugonjwa wenyewe pia hauungi mkono hadithi hiyo. Ni kweli mabadiliko ya Alzheimer huanza ndani ya ubongo miaka mingi, hata 20, kabla ya dalili kuonekana. Lakini baada ya Jessie mwanamke huyu bado alikuwa akihifadhi nyimbo mpya na kuwafundisha waigizaji wengine namna ya kusimama jukwaani. Mwaka 1974 hakuwa akituaga. Alikuwa kazini.

## Mwanamke wa kugoma

Alianzia Gate Theatre ya Dublin mwaka 1932, akimfuata shangazi... au mama mdogo, Kiingereza hakisemi... Shelah Richards, aliyekuwa na jina kubwa katika maigizo ya Ireland. Mwaka 1938 akafika New York, na Orson Welles, mwigizaji na mwongozaji, akamchukua katika kundi lake la maigizo la Mercury kwa ajili ya *Heartbreak House*, mchezo wa Mwairishi mwenzake Bernard Shaw. Mwaka uliofuata Hollywood ikawa inamjua. Nafasi ya Isabella katika *Wuthering Heights* ilimfanya ateuliwe kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, mwaka uleule ambao tuzo ilikwenda kwa Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kuipata.

Baada ya hapo zikaja Warner Brothers na ugomvi. Filamu asizoziheshimu alizikataa, studio ikamsimamisha, akakataa tena. Kwa kugombana na Jack Warner, bosi wa studio, aliikosa nafasi ya mwanamke mkuu katika *The Maltese Falcon*, ikaenda kwa Mary Astor. Hilo lilimgharimu umaarufu mkubwa. Waliomwandikia tanzia wamelitaja kwa sauti ya kusikitika, mimi nilipolisoma nilicheka peke yangu ndani ya basi.

Kinachonivutia zaidi ni alichofanya alipokuwa ameanza kuzeeka. Akiwa na miaka zaidi ya 50 alishirikiana na bradha mmoja Mfransisko, Jonathan Ringkamp, kuanzisha kundi la maigizo ya mitaani huko New York, wakicheza na vijana ambao hawajawahi kukata tiketi ya ukumbi wowote. Akiwa na zaidi ya 60 akaamua kuimba. Sauti haikuwa nzuri, ilikwaruza, na hakuificha. Akaipeleka jukwaani peke yake katika onyesho aliloliita *Streetsongs*, nyimbo ambazo watu huimba mitaani na jikoni wanapokuwa hawana wa kuwapigia makofi. Halafu akageukia uongozaji. *Mass Appeal*, mchezo wa padri mzee na mseminari mbishi, aliufikisha Broadway mwaka 1981 na Milo O'Shea wa Dublin akiwa padri. Aliteuliwa kuwania Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway, ya uongozaji bora, wakati majina ya wanawake katika kundi hilo yalikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Haya ndiyo niliyoyakuta nikitafuta habari za ugonjwa wake. Habari za ugonjwa ni sentensi moja. Mengine yote ni kazi.

## Anachoigiza, na asichoigiza

Nikarudi kwenye kile kipande, safari hii nyumbani, sauti ikiwa juu.

Wenye haraka wakipewa mtu mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, wanaigiza shimo. Macho matupu, mkono unaotetemeka, ukimya mrefu ili mtazamaji apate muda wa kulia. Fitzgerald hana habari na hayo. Jessie wake ana mgeni, na mgeni hukaribishwa. Ujanani alikuwa mchezaji dansi, dansi ipo. Anayo shughuli.

Anayefanya kazi hii yangu atanielewa. Mtu ambaye ugonjwa umekomaa kwake mara nyingi hajihisi amesahau. Ana miadi. Ana watoto wa kuwafuata shule, ng'ombe wa kukamuliwa, basi la mwisho ambalo halijarudi. Ugonjwa huu huwahi kula sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya, ndiyo maana chakula cha saa ile hakikumbukwi lakini mwaka wa mkasa wa zamani upo. Na yale ambayo mwili ulifunzwa kwa miaka, kukunja nguo, kusali, kuongozwa kwenye dansi, yamehifadhiwa kwingine na hukawia kuondoka. Kwa hiyo yumo ndani ya siku yenye mambo, ila si siku yetu.

Anayeteseka mlangoni ni mgeni.

Ninawaona kila Jumapili. Wanaingia na maua, wanavua makoti, na hata kabla ya kuketi mtihani umeshaanza. Unanijua? Mimi ni nani? Jina langu nani, mama? Mzee anatazama uso, anatafuta jibu litakalompendeza huyu mtu mwema aliyeleta maua, analikosa, na hapo ndipo hofu inapoingia. Haikuwepo dakika moja kabla. Imeletwa pamoja na maua.

Siwalaumu. Kutojulikana na aliyekuzaa ni kitu kizito, na mtu anauliza kwa sababu anaumia. Ila bibi yangu wa mabasi aliona kwa jicho moja kitu ambacho mimi, na vyeti vyangu, sikukiona: pale kwenye skrini aliyekuwa hajui yuko wapi ni Harry. Amevuka majimbo kadhaa akiwa na mwanamke mmoja kichwani, na mwanamke huyo hayupo. Aliyepo anampa mkono wacheze. Harry anakubali. Mtihani unaisha.

Mpeni kiti.

## Mlevi, mchawi

Wiki hizo nilimfikiria pia Rita Hayworth, nyota wa filamu wa Hollywood. Si Mwairishi, ingawa upande wa mama damu ya Ireland ilikuwepo, na aliwahi kuwa mke wa Orson Welles yuleyule. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maneno ya mchezo yalikuwa hayakai tena kichwani mwake. Januari 1976 alipigwa picha akishuka kwenye ndege London, nywele timutimu, macho yamepotea, na magazeti yakaandika waliyokuwa wamezoea kuyaandika: pombe. Jina la ugonjwa, Alzheimer, lilikuja miaka ya 1980 ikiwa imeingia. Alifariki Mei 1987, akiwa na miaka 68. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya ugonjwa wake dunia ilimjua kama mlevi.

Nyumbani tuna jina letu baya zaidi: mchawi. Kule Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa maisha mazima. Kilifi wazee wameuawa kwa sababu ya mvi, na nyuma yake mara nyingi kuna shamba linalogombewa. Sisemi wote walikuwa wagonjwa wa kusahau. Nasema tu, bibi anayekutwa alfajiri uani kwa jirani, nguo imemvuka, asiyeweza kueleza amefikaje, mimi kazini ninamwandikia ripoti fupi, ninamfunika shuka na kumrudisha chumbani. Kwingine angekuwa na kesi, na kesi isiyo na wakili.

## Picha ya mwanamke mwingine

Novemba 2020 nilitumiwa ile video, nafikiri kila mtu alitumiwa. Bibi wa Kihispania, Marta González, aliyewahi kucheza baleti na sasa ana Alzheimer, kwenye kiti cha magurudumu, anavalishwa spika za masikioni. Muziki wa *Swan Lake* wa Tchaikovsky unaanza. Mikono inanyanyuka, shingo inanyooka, na hapo hapo unaona alikuwa nani. Kwenye nyumba yetu wafanyakazi tuliitazama tukiwa tumekusanyika, na nadhani hakuna aliyebaki mkavu.

Ila video iliyosambaa ilikuwa imechanganywa na picha za ballerina kijana akicheza jukwaani, ili tuamini kwamba ndiye yeye zamani. Siye. Ni Mrusi, Uliana Lopatkina, tena anacheza kitu kingine. Na ile sifa ya kwamba Marta alikuwa nyota wa New York haikuthibitika. Mwenyewe hakuwa na nafasi ya kusahihisha, alikuwa amefariki mwaka 2019.

Mikono yake haikutosha? Ile mikono ilikuwa halisi. Lakini mtu alikaa mahali akaona haitoshi, akambandikia ujana wa mwanamke mwingine ili kilio chetu kiwe kikubwa zaidi.

Ndivyo ninavyouona na ule utabiri wa 1974. Tunambandikia Geraldine uso wa Jessie, kwa sababu Geraldine wa miaka ya mwisho hatukumwona, na ukumbi mtupu unatukera.

## Swali la mwana

Mwanawe, Michael Lindsay-Hogg, ni mwongozaji pia, ndiye aliyetengeneza *Let It Be* ya Beatles. Kisheria ni mtoto wa mume wa kwanza wa Geraldine, ambaye ukoo huo ni wake. Tangu ujana alizisikia tetesi kwamba baba yake halisi ni Orson Welles. Alimuuliza mama. Mama akakanusha. Kisha rafiki wa mama, Gloria Vanderbilt, akamwambia tofauti, na mwaka 2011, mama akiwa ameshazikwa, akaandika kitabu cha kumbukumbu zake, swali hilo likiwa limemfuata hadi uzeeni.

Hapa nimekwama kwa siku nyingi kuliko pengine pote. Kila familia ninayoijua kazini ina swali la namna hii, japo si la mastaa. Shamba liliuzwa kwa nani. Yule kaka aliyeondoka alikosana na baba kwa nini. Waliahirisha kuuliza kwa heshima, au kwa woga, na walipopata ujasiri mwenye jibu alikuwa anawaita majina ya wadogo zake.

Wengine hawakubali. Wanauliza vilevile, usiku, mzee akiwa amechoka, wakitumaini kwamba akili iliyolegea italegeza na siri. Nimemsikia mtu akifanya hivyo nikiwa nabadilisha mashuka. Mzee alijibu kitu, na kitu hicho nina hakika familia inakitumia hadi leo kama ushahidi.

Mimi ningechukua jibu la Geraldine alipokuwa mzima. Alisema hapana. Inawezekana alidanganya, mama zetu wamedanganya kwa sababu nzuri kuliko hiyo. Lakini lilikuwa jibu lake, alilichagua akiwa na akili zake zote, mwanamke aliyekuwa na uwezo wa kumwambia Jack Warner hapana mara nyingi kuliko ilivyokuwa na faida. Ukimya wa baadaye haulifuti.

Mwenzangu wa zamu, Mkenya, hakubaliani nami hata kidogo. Anasema mtoto ana haki ya kumjua babaye, na kwamba mimi ninamtetea mama kwa sababu nami ni mama. Tumebishana hilo toka saa tisa mpaka kifungua kinywa kikaanza kuandaliwa. Huenda ana hoja.

## Ukitaka kuzitafuta

Msianze na *Harry and Tonto*. Mkianza na hiyo mtamtazama mgonjwa.

Anzeni na *Wuthering Heights*, mumtazame Isabella akiingia kwenye ile ndoa akiwa na nuru usoni, na anavyokuwa baada ya mumewe Heathcliff kummaliza. Bila fimbo, bila damu, kwa sauti na mabega tu. Halafu *Dark Victory*, bustanini. Mkishachoka kuhuzunika chukueni *Arthur* ya 1981, ambamo yeye ni bibi wa Dudley Moore, tajiri kupindukia, anayemtishia mjukuu mlevi kwamba asipooa alivyochaguliwa atazikosa dola milioni 750. Alikuwa na miaka 67, na bibi huyo hasahau hata senti.